Matokeo ya kidato cha sita yameniangusha, niombe chuo mwaka huu au nisubiri? Maswali yanayoulizwa sana Kigoma

Kila Julai matokeo yakishatoka, steshenari za Mwanga zinajaa vijana na wazazi wao, na maswali ni yale yale kila mwaka, awe ametoka Ujiji, Kasulu, Kibondo au kijijini huko kandokando ya ziwa. Haya hapa ni yale yanayojirudia zaidi. Tumeanza na ya kawaida, kesi ngumu ziko mwishoni. Kama huna bando la kusoma yote, soma la kwanza kabisa halafu ruka mpaka "Niombe sasa au nirisiti?" (kurisiti ni kurudia mtihani), hayo mawili ndiyo yanayowaponza wengi.

## Kuyasoma matokeo yako

Nimepata Div 3, naweza kuomba digrii au ndiyo basi?

Div 3 peke yake haikujibu chochote, na hapa ndipo watu wengi sana wanakosea, mmoja anakata tamaa wakati sifa anazo na mwingine anashangilia na kulipia maombi vyuo vitatu wakati sifa hana. NECTA (baraza la mitihani) wana hesabu yao na TCU (tume ya vyuo vikuu) wana hesabu yao. Kwa NECTA pointi zikiwa chache ndiyo vizuri: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7, unajumlisha masomo matatu ya kombi unapata divisheni. Kwa TCU ni kinyume, zikiwa nyingi ndiyo vizuri: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Sifa ya chini kabisa ya digrii ni prinsipali mbili (yaani kuanzia A mpaka E) zenye jumla ya pointi 4, tena ziwe kwenye masomo ambayo kozi yenyewe inayataka.

Sasa chukua watu wawili waliokaa dawati moja. Mmoja kapata D, D na S, mwingine kapata D, E na E. Kwa NECTA wote wana pointi 14, wote Div 3, mtaani watahesabiwa sawa. Ila kwa TCU yule wa kwanza ana 2 na 2, jumla 4, anaruhusiwa kuomba. Yule wa pili ana 2 na 1, jumla 3, digrii haombi mwaka huu hata akilia. Kwa hiyo kabla hujamuuliza mtu yeyote ushauri, chukua karatasi, andika alama zako tatu, zigeuze kwa hesabu ya TCU, ndiyo uje na swali.

GS (General Studies) na BAM (hesabu ya ziada, Basic Applied Mathematics) zinahesabika?

Kwenye zile prinsipali mbili hapana. Zipo kozi zinazoangalia BAM kama sharti la nyongeza kwa mtu asiyesoma hesabu Advansi, lakini haiwezi kukaa nafasi ya prinsipali. GS usiitegemee kabisa kwenye hili.

Matokeo yangu ya kidato cha nne bado yana maana au yalishapita?

Yana maana tena kubwa. Kozi nyingi zina mistari midogo chini ya sifa inayosema lazima uwe na ufaulu fulani wa hesabu au kingereza wa kidato cha nne, na kwa diploma za afya fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha nne ndizo mlango wenyewe. Kwenye maombi utaweka namba zako zote mbili za mtihani, kwa hiyo hakuna kuficha. Isome ile mistari midogo mpaka mwisho.

Nimefikisha pointi 4, basi nina uhakika wa chuo?

Una uhakika wa kuruhusiwa kuomba tu. Kozi yenye nafasi 100 ikiombwa na watu 900 wanaanza kuchukuliwa wa juu, wewe mwenye 4 unabaki nje japo sifa unazo. Halafu kuna kozi ambazo 4 haifiki hata mlangoni, udaktari wa binadamu kwa mfano unataka prinsipali zote tatu za PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na pointi zaidi ya hapo. Vyuo kila mwaka vinafuata kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, kiko bure kwenye tovuti yao, kipakue ukiwa na waifai uwe nacho kwenye simu. Chagua kozi ukiwa umekifungua, usichague kwa kusikia.

Mimi najua nilifanya vizuri, nahisi wamenikosea kusahihisha. Nikate rufaa?

Utaratibu wa rufaa upo, unalipiwa kwa somo na muda wake ni mfupi baada ya matokeo kutangazwa, kwa hiyo nenda kwa mkuu wa shule yako wiki ile ile. Kata rufaa kama kuna somo moja limekuja tofauti kabisa na historia yako, mfano umekuwa unapata B miaka miwili halafu ghafla F. Kama ni D uliyoitegemea iwe C, hiyo hela ningeiweka kwenye maombi. Na usisimamishe maombi eti unasubiri jibu la rufaa, omba na unachokishika mkononi.

## Mwaka huu au mwakani

Niombe sasa au nirisiti?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote yanalizunguka. Nitasema ninavyoona baada ya kuwasaidia vijana wengi kujaza haya maombi, ukubali au ukatae lakini usikie.

Kama una pointi 4 au zaidi, na ndani ya kile kitabu cha TCU kuna kozi ambayo unaweza kuiishi, sisemi ya ndoto, nasema ambayo ukiamka saa kumi na mbili asubuhi utaenda darasani bila kusukumwa, basi omba mwaka huu na omba awamu ya kwanza. Mwaka mmoja wa kusubiri ni mwaka, na kurisiti hakukuhakikishii kupanda. Wapo waliorisiti wakapanda vizuri na wapo waliorisiti wakarudi na kile kile au pungufu, kwa sababu ukiwa nyumbani hakuna kengele, hakuna mwalimu wa zamu, kuna kuni, kuna duka la baba, kuna wadogo zako, na umeme nao una siku zake.

Kama unachokitaka kinataka somo ambalo umeliangusha, na ni kitu unachokitaka kweli kweli, siyo kwa sababu mjomba alishakuita daktari tangu darasa la nne, hapo kurisiti kuna maana. Mtoto wa PCB aliyepata C ya baiolojia, C ya kemia na F ya fizikia anajua kabisa kinachomzuia ni kitu gani, ana somo moja la kupigana nalo mwaka mzima, huyo nampa moyo arisiti. Lakini aliyepata E, S, F kwenye kombi ambayo tangu kidato cha tano alikuwa haielewi, kumrudisha kwenye kombi ile ile peke yake nyumbani ni kumuumiza mara ya pili. Huyo aende diploma, na asiende akiwa kainamisha kichwa, angalia sehemu ya njia nyingine hapo chini.

Kinachonisumbua zaidi ni sababu zinazotumika kuamua. Wengi wanaokuja hawaamui kwa alama zao, wanaamua kwa aibu. Wanarisiti kwa sababu wanaona diploma ni ya waliofeli, au wanajaza kozi yoyote ili tu Oktoba wasionekane mtaani. Aibu inakaa miezi michache, watu wakishapata habari nyingine ya kuongea imeisha. Kozi utakaa nayo miaka mitatu, wengine minne, na mkopo wake utakatwa kwenye mshahara.

Naogopa nikiingia kozi nisiyoipenda nitaharibu maisha, si bora nisubiri?

Tofautisha kozi usiyoipenda na kozi usiyoijua. Mtu anakwambia hapendi takwimu, au misitu, au maendeleo ya jamii, ukimuuliza wanasomaga nini anakuambia sijui. Kabla hujaikataa mtafute mtu mmoja anayeisoma au anayeifanyia kazi, hapa hapa Kigoma wapo, halmashauri imejaa watu wa fani hizi, bwana samaki, afisa misitu, mtu wa mipango. Muulize siku yake inaendaje. Ukishajua na bado hutaki, usiiombe hata kama sifa unazo.

Naweza kuingia chuo na bado nirisiti Mei?

Wapo wanaojaribu. Mtihani wa kidato cha sita huwa Mei, na Mei chuoni semista ya pili imekolea, kuna majaribio na kazi za vikundi, na kama chuo kiko Dodoma na kituo chako cha mtihani kiko Kigoma hiyo safari peke yake inakumaliza. Matokeo yake mtu anapata sapu (mtihani wa marudio) chuoni na mtihani wenyewe haujakaa sawa. Chagua kimoja.

Nikisubiri tu mwaka mmoja bila kurisiti, nipumzike, nitafute hela, ina shida?

Kama sifa huna, kusubiri hakuziongezi, Julai ijayo utakuwa na zile zile. Kama sifa unazo na unasubiri kwa sababu ya ada au kuna mgonjwa nyumbani, inaeleweka na vyuo havikufungii mlango kwa kuchelewa mwaka mmoja. Ila panga huo mwaka kwa tarehe: lini usajili wa mtihani kama utarisiti, lini dirisha la mkopo, lini la vyuo. Nimeona vijana wenye akili nzuri walioanza na "naenda Kibirizi kusaidia kwenye mitumbwi miezi miwili" au "nashika bodaboda kidogo", hela ya kila siku ikawa tamu, na mwaka wa tatu bado wanasema mwakani. Kazi yoyote ya halali ni kazi, siidharau hata moja, ninachosema ni kwamba kusubiri kusikokuwa na tarehe ndiko kunakomeza watu.

Matokeo yametoka nikiwa JKT, nitaombaje?

Hii inawakuta wengi kwa sababu mnaitwa karibu na Juni na matokeo yanawakuta kambini, awe yuko Bulombora, Kanembwa au Mtabila hapa kwetu, au Msange kule Tabora, au kambi ya mbali huko. Simu huko siyo ya kushika muda wote. Kabla hujaondoka nyumbani mwachie mtu mmoja unayemwamini namba zako mbili za mtihani, nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, na karatasi yenye kozi tano ulizozipanga kwa matokeo ya aina mbili: yakija mazuri naomba hizi, yakija mabaya naomba hizi. Ukipata dakika kumi za simu zitatumika kuthibitisha, hutaanza kufikiria upya. Na hakikisha laini iliyoandikwa kwenye maombi anashika huyo huyo mtu, sababu iko kwenye swali la namba ya simu kule mwisho.

Awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kuna tofauti gani? Si nikikosa ya kwanza naomba ya pili?

Unaruhusiwa, lakini awamu ya kwanza kozi zote ziko wazi, za baadaye ni zile zilizobaki na nafasi. Mwenye alama ndogo ndiye anayetakiwa kuwahi kuliko mwenye Div 1. Tangu 2017 unaomba moja kwa moja kwenye chuo chenyewe, na kila chuo kina ada yake ya maombi, kwa kawaida 10,000. Ukiwa na hela ya vyuo vitatu usipeleke vyote kwenye majina makubwa, kimoja kiwe cha kutamani, viwili viwe ambavyo alama zako zinakaa kabisa. Na mdogo wangu uliyeko Kalya au Buhingu ambako mtandao ni wa kubahatisha, panga boti ya kuja mjini mapema, usije siku ya mwisho ambayo mifumo yote inakuwa mizito nchi nzima.

## Kurisiti

Usajili wa PC (mtahiniwa binafsi, yaani anayerisiti) unafanyika lini na wapi?

Kwa kidato cha sita dirisha huwa linafunguka Julai, matokeo yakiwa bado ya moto, na ukichelewa unalipa na faini, ukichelewa zaidi ndiyo mpaka mwaka mwingine. Watu wanadhani kwa kuwa mtihani ni Mei basi watajisajili Januari, Januari mlango ulishafungwa zamani. Unajisajili kwenye kituo kinachotambuliwa na NECTA (namba za vituo vya watahiniwa binafsi zinaanza na P), na unatakiwa uwe na angalau kredi tatu za kidato cha nne, yaani C tatu au zaidi. Maana yake uamuzi wa kurisiti unaufanya kipindi kile kile cha kuomba chuo, ndiyo maana nasisitiza usikae na majonzi mpaka Septemba.

Lazima nirudie masomo yote?

Siyo lazima. Kama shida ni somo moja, jisajili hilo. Ila piga hesabu vizuri kabla, maana kuna watu wana D moja na S mbili wanarudia somo moja wakidhani inatosha, wakilipata kwa E wanakuwa na 2 na 1, wamerudi pale pale kwenye 3. Lengo lako liwe alama fulani kwenye somo fulani, liandike ukutani.

Na ukitaka kutumia alama za vikao viwili, za mwaka jana na za mwaka huu, weka namba zote mbili kwenye maombi na ukiulize kwanza chuo unachokitaka kabla hujalipa.

Nikishuka, yale ya mwanzo yanafutwa?

Hapana. Kila mtihani una matokeo yake na namba yake, ya shule yanabaki na ya PC yanakuja pembeni.

Nasoma sayansi, praktiko nitafanyia wapi?

Uliza hili kabla hujalipa chochote. Kituo unachojisajili kiwe na maabara inayofanya kazi, na uliza kama wanawaruhusu PC kufanya mazoezi au mnaiona maabara siku ya mtihani tu. Ukienda kwa heshima kwa mwalimu wako wa zamani wa maabara, wengi hawakatai kukukaribisha Jumamosi mbili tatu. Kwa kombi zisizo na maabara kama HGL, HKL, EGM na ndugu zake mzigo ni vitabu na mtu wa kukusahihishia, soma na wenzio wawili watatu mnaorisiti, siyo peke yako chumbani.

## Njia nyingine

Diploma si ni kurudi nyuma?

Hesabu miaka kwanza. Ukirisiti na ukafaulu: mwaka mmoja wa kusubiri na mitatu ya digrii, minne. Ukienda diploma ukitokea kidato cha sita kwa kawaida ni miaka miwili, ukipata GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 unaomba digrii, mitatu mingine, jumla mitano. Tofauti ni mwaka mmoja, na katikati unashika cheti cha kazi ambacho hakuna mtu anakunyang'anya hata digrii ikichelewa. Kujiunga kwa kawaida inatakiwa prinsipali moja na subsidiari (S) moja, kwa hiyo yule wa D, E, E wa juu huko anaingia bila shida. Ukija kuomba digrii kwa hiyo diploma bado wanataka ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne, na iwe fani inayoendana.

Kwa mtoto wa PCB iliyovunjika napenda sana njia ya utabibu. Diploma yake ni miaka mitatu, unaingia kwa fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha nne pamoja na masharti mengine ya mwongozo, na mwenye GPA nzuri anaruhusiwa baadaye kuomba udaktari. Hizo kozi za afya ziko chini ya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) na wana dirisha lao tofauti na la vyuo vikuu, usichanganye tarehe.

Bila kwenda mbali, hapa kwetu kuna nini?

Kuna zaidi ya watu wanavyojua. Kigoma kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu (TIA), kuna chuo cha uvuvi cha FETA pale Kibirizi, kuna vyuo vya ualimu Kasulu na Kabanga, VETA, na kituo cha Chuo Kikuu Huria. Ukipanda treni ukashuka Tabora kuna chuo cha nyuki, Chuo cha Ardhi, chuo cha reli, Chuo cha Utumishi wa Umma, na kwa digrii kuna chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA. Kukaa karibu kunapunguza kodi na nauli, na kwa familia nyingi za huku hiyo ndiyo inayoamua mtoto amalize au aishie njiani. Uvuvi na nyuki watu wanazicheka wakati tuna Ziwa Tanganyika mlangoni na asali ya Tabora inatafutwa, mimi siwaelewi.

Ile faundesheni ya Chuo Kikuu Huria inanifaa?

Inakufaa kama umekosa pointi 4 lakini una angalau 1.5 kutoka masomo mawili, mfano E na S. Unasoma mwaka mmoja, unatakiwa utoke na GPA ya 3.0 na angalau C kwenye masomo matatu ya kundi lako, ndipo unaomba digrii. Yule wa D, E, E anaingia hapa pia. Ni ya mtu anayeweza kujisimamia, kusoma ni kwa masafa na hakuna atakayekuamsha. Nenda kituoni uliza ada na tarehe, usitumie taarifa za mtu aliyesoma miaka mitano iliyopita.

## Mkopo na hela

Nikisubiri mwaka mmoja bodi wataninyima mkopo?

Mwaka mmoja haukuondoi. Mwongozo wa bodi ya mikopo (HESLB) unaweka kikomo cha miaka tangu umalize, na kikomo hicho kimeshawahi kubadilishwa, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka unaoomba. Kinachowakosesha watu wengi ni karatasi: cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA (wanaosajili vizazi na vifo), jina la cheti siyo la kidato cha nne, cheti cha kifo cha mzazi hakipo, fomu haina sahihi ya mwenyekiti wa mtaa au ya hakimu. Dirisha miaka ya karibuni limekuwa likifungwa kuelekea mwisho wa Agosti. Ada ya maombi 30,000, anza kuiweka pembeni mapema.

Na usiombe kozi kwa hesabu kwamba bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) litatoka. Mkopo wenyewe unaweza kuja nusu au usije. Kaeni kikao nyumbani mjue kama familia inaweza kubeba muhula wa kwanza bila bodi.

Diploma nayo ina mkopo?

Kuanzia 2023/24 serikali ilianza kuwakopesha wanafunzi wa diploma kwenye fani za kipaumbele, kama afya na baadhi ya ualimu. Siyo kila diploma, angalia orodha ya mwaka huo.

Nikianza chuo nikaacha, mkopo unakufa?

Deni linabaki lako. Pia jina lako linabaki limesajiliwa, kwa hiyo ukiacha, acha kwa barua na upewe barua ya chuo, vinginevyo ukiomba tena utakwama. Kama ni ugonjwa au uzazi usiache, omba kuahirisha mwaka, taratibu zipo.

## Kesi ngumu

Aliyenijazia maombi aliweka namba yake ya simu, sasa simpati. Nifanyeje?

Andika barua pepe kwa ofisi ya udahili ya chuo ukiwa na namba zako za mtihani na risiti ya malipo, halafu wapigie, siku hiyo hiyo. Shida ni kwamba ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri, na hiyo namba inatumwa kwenye simu iliyoandikwa. Usipothibitisha ndani ya muda nafasi inaondoka. Mtu akikusaidia kujaza mlipe na mshukuru, lakini simu iwe yako au ya mzazi, na neno la siri uondoke nalo kwenye daftari lako.

Nimepata ualimu, nitaingia halafu nihamie udaktari ndani kwa ndani, inawezekana?

Hapana. Kuhama kupo lakini lazima uwe na sifa za kule unakohamia, kama ulikosa sifa Julai utazikosa na Novemba. Anayekuambia ana mtu wake chuoni anataka hela yako.

Mimi ni binti, nyumbani wanasema kama sijapata chuo mwaka huu kuna mtu ameshaleta posa.

Dada yangu, kwa hali kama yako ushauri wangu unabadilika. Hata kama kurisiti kungekufaa kwa alama, mwaka wa kukaa nyumbani ni hatari kwako kuliko kwa kaka yako. Tafuta kitu cha kuingia mwaka huu huu, diploma, faundesheni, hata kama siyo ulichokipanga, digrii utaidai baadaye ukiwa na GPA yako. Mtafute shangazi au mwalimu wa kike anayesikilizwa na baba akae naye, aende na barua ya chuo mkononi, barua ina nguvu kuliko maneno.

Sisi wa mpakani uhamiaji wanatuuliza maswali mengi, NIDA yangu haijatoka. Nitakosa?

Usingoje Julai kuanza. Ukiwa kidato cha tano fuatilia cheti cha kuzaliwa na NIDA, na kusanya karatasi za wazazi na babu na bibi zinazoonyesha walizaliwa na kuishi wapi, barua ya serikali ya kijiji, vyeti vya shule. Kwa maombi ya chuo namba zako za mtihani ndizo zinazokusogeza, kwa mkopo uraia unaangaliwa kwa karibu, kwa hiyo omba chuo kwa wakati huku unafuatilia lile lingine, usisimamishe vyote.

Kuna chuo Burundi, kuna kingine Uganda, wanapokea hata mwenye pointi 3. Niende?

Kabla hujapanda gari la Manyovu nenda kwanza kwenye tovuti ya TCU usome kuhusu cheti cha kutokuwa na pingamizi, mtu anayekwenda kusoma nje anatakiwa kukiomba. Ukisoma chuo kisichotambulika au ukiingia bila sifa zinazokubalika hapa, unarudi na digrii ambayo haitathibitishwa. Miaka mitatu na hela ya ng'ombe za baba zimekwenda. Mwenye pointi 3 ana diploma na ana faundesheni hapa hapa.

Nilimaliza 2014, nimekaa sana mtaani, hesabu hii ya pointi inanihusu?

Wa 2014 na 2015 mna hesabu yenu kwa sababu madaraja yalikuwa tofauti: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, na bado zinatakiwa pointi 4 kwenye masomo mawili, kwa hiyo C mbili zinakutosha kuomba. Waliomaliza kabla ya 2014 na kuanzia 2016 wanatumia ile ya kwanza kabisa juu. Kwenye mkopo kile kikomo cha miaka kinaweza kukugusa, soma mwongozo kwanza, na kama umeshaajiriwa Huria inakupa nafasi ya kusoma bila kuacha kazi.